Nilivyojipanga kwa giza la mwaka 2000, Minneapolis, Marekani

Mama mkwe wangu alifika kutoka Tanga Novemba 1999, na kilichomshangaza kuliko baridi ni televisheni. Kila jioni watu wamekaa wanabishana kama umeme utakatika usiku wa kuamkia Januari 1. Akaniuliza, "Mwanangu, umeme kukatika nako ni habari?" Tukacheka. Sote wawili tulishapita kwenye mgawo wa umeme wa miaka ya tisini.

Ila mimi nilicheka nusu. Giza nalijua. Baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri ni jambo jingine, na nilikuwa na mtoto wa miaka miwili mwenye pumu, anayevuta dawa kwa mashine ya kuchomeka ukutani.

Mnaokumbuka Y2K, ile hofu ya kompyuta kuchanganyikiwa mwaka 2000 ukiingia, mnajua ilivyokuwa. Kompyuta nyingi za zamani zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili, hivyo 00 ingeweza kusomeka 1900. Kwenye umeme watu waliogopa zaidi vichipu vilivyojificha ndani ya mitambo, ambavyo pengine hata mwenye mtambo hajui vipo. Juni 1998, kwenye kikao cha kamati ya Seneti ya maseneta Robert Bennett na Christopher Dodd, ilisemwa wazi kwamba swali si tena kama umeme utakatika, bali kwa ukubwa gani. Mwaka uliofuata NERC, baraza linaloangalia uthabiti wa gridi ya Amerika Kaskazini, likatangaza kwamba karibu mitambo yote muhimu iko tayari. Nimwamini nani? Takwimu za NERC zilitokana na majibu ya makampuni yenyewe. Mwanafunzi kajisahihishia mtihani.

Nikapiga simu kwa kampuni yetu ya umeme. Dada aliyepokea akanisomea karatasi, kisha akanitumia barua yenye maneno yale yale. Kulikuwa na sheria ya Oktoba 1998 iliyozipa taarifa za namna hiyo kinga fulani mahakamani, ili makampuni yaseme bila woga. Yakasema kweli, kwa lugha ya mawakili. "Tuko tayari" ilijaa ukurasa mzima. "Tunaahidi" niliitafuta sikuiona.

Aliyenitoa kwenye ukungu ni mzee jirani, fundi wa laini aliyestaafu. Aliisoma barua pale mlangoni, koleo la theluji likiwa kwapani. Akasema "tayari" ina maana yake kwa mafundi: mtambo unaweza kuandika tarehe ya uongo kwenye kumbukumbu zake na bado ukatoa umeme. Swichi kubwa ya laini haiulizi leo ni tarehe ngapi, inapima mkondo. Yeye alihofia zaidi jinsi gridi zilivyofungamana, mmoja akianguka amvute mwenzake. Akanikumbusha Agosti 10, 1996: nyaya zilinepa kwa joto kule Oregon, zikagusa miti, na wateja kama milioni 7.5 wa magharibi wakakosa umeme. Hapakuwa na kompyuta iliyokosea tarehe, ni miti tu.

Kisha akaniuliza kitu ambacho hakikuwemo kwenye televisheni. Umeme ukikatika, nini kinakufa kwanza ndani ya nyumba yako?

Nilizunguka chumba hadi chumba na kalamu. Nilijiona salama kwa kuwa hita yetu ilikuwa ya gesi, kumbe feni inayosukuma hewa ya moto ni ya umeme. Gesi ipo, joto hamna. Mashine ya mtoto nilimpelekea daktari kama swali, akaniandikia pampu ya mkononi na kichupa chake cha plastiki cha kuvutia, akanifundisha hadi nikaweza. Hiyo peke yake ilinirudishia usingizi. Mengine yalikuwa mepesi: betri za redio, maji kwenye ndoo, chumba kimoja cha kulala wote, blanketi la kuziba mlango. Jirani alikuwa na meko ya kuni yenye dohani, akasema tukizidiwa tuvuke tu barabara.

Tulikwaruzana na mama mara moja. Alitaka tununue jiko la mkaa tuliwashe sebuleni. "Nimepikia mkaa miaka arobaini, sijafa." Nikamwambia, "Mama, kule dirisha liko wazi. Hapa tumeziba kila tundu, moshi usioonekana utatumaliza usingizini." Alininunia mpaka futari.

Maana ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Desemba 31, Ijumaa, tulikuwa kwenye daku, saa kumi na moja alfajiri, Auckland, New Zealand, ilipoingia mwaka 2000 kwenye runinga, taa zinawaka. Mama akatafuna tende, akasema, "Haya, hao wamevuka." Saa tisa alasiri, ambayo Tanga ni saa sita usiku, nilibonyeza namba za kadi ya simu mpaka kidole kikauma. Wifi akapokea.

"Umeme upo?"

"Upo, wifi. Leo ndiyo umekuwa mwema kuliko siku zote. Nyie je?"

Saa kumi na mbili jioni nilikaza roho tena, kwa sababu mzee alinionya kwamba mifumo mingi ya gridi hufuata saa ya Greenwich, Uingereza, na huko ndiyo ilikuwa saa sita usiku. Taa haikupepesa. Saa sita usiku nilisimama jikoni mkono juu ya tundu la hewa ya moto. Feni iliendelea kuvuma.

Mama alinikuta hapo alipoamkia daku. "Hujalala? Ulikuwa unalinda taa?" Akawasha jiko la umeme, akapasha uji.

Maji ya ndoo tuliyamalizia kufulia mpaka baada ya Idi.