Chokaa ya maji magumu huanzia kwenye koili

Ukitaka kujua maji ya bomba yanavitendea nini vyombo vyako vya umeme, kagua pale yanapopata moto. Maji magumu yamebeba kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka, na yakiwa baridi huoni kitu. Yakipashwa moto, bikaboneti iliyomo huvunjika, kaboni dioksidi hutoka kama hewa, na kalsiamu kaboneti hubaki imeganda: ule ukoko mweupe unaoitwa chokaa. Uwezo wa chokaa hii kuyeyuka hupungua kadiri joto linavyopanda, ndiyo maana hung'ang'ania koili kabla ya kitu kingine chochote.

Ugumu hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti katika lita moja. Chini ya 60 ni maji laini, 121 hadi 180 ni magumu, zaidi ya 180 ni magumu sana. Kama huna karatasi za kupimia, jaza theluthi ya chupa safi, tia matone machache ya sabuni halisi ya maji (si ya kuoshea vyombo, hiyo hutoa povu hata kwenye maji magumu), kisha tikisa. Povu likiwa haba na maji yakageuka meupe kama ya mchele, yana ugumu. Usitegemee ulimi: maji yenye ladha ya chumvi si lazima yawe magumu, na magumu si lazima yawe na ladha hiyo.

Tuanze na birika la umeme, kwa kuwa ndilo rahisi. Yeyusha gramu 30 za asidi ya sitriki, kama vijiko viwili vya chakula, katika lita moja ya maji ya uvuguvugu. Mimina mpaka chokaa yote izame, acha nusu saa, sugua kwa sponji laini, suuza mara mbili, kisha chemsha maji matupu mara moja na uyamwage. Wengi huichemsha asidi hiyo wakidhani itafanya kazi haraka. Kweli huanza haraka, lakini kwenye joto kali kalsiamu hushikana na asidi na kutengeneza sitreti ya kalsiamu, unga mweupe unaoganda upya na ni mgumu kuutoa. Siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji nayo inafaa, ila harufu yake hukaa. Usikwangue kwa kisu. Na kamwe usichanganye asidi au siki na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo: hutoa gesi ya sumu.

Ukiona asidi haitoi mapovu hata kidogo, huenda ukoko ule ni salfeti ya kalsiamu. Hiyo siki haiiwezi.

Hita ya maji ya kuoga ndiyo inayoleta hasara kubwa. Chokaa hupitisha joto vibaya, kwa hiyo koili hujikuta imefunikwa: yenyewe inaungua, maji yanachelewa kupata moto, bili inapanda, na mwishowe waya ulio ndani unakatika. Dalili ya mapema ni mlio wa kupasuka-pasuka tangini, yaani maji yaliyonaswa chini ya ukoko yanachemka na kutoroka. Kuipandisha thamostati kunazidisha tatizo, lakini usiishushe sana pia: kwenye hita ya tangi, nyuzi 60 za Selsiasi huzuia bakteria wa lejionela kuzaliana, na juu ya hapo chokaa huongezeka upesi. Kabla ya kufungua chochote zima umeme kwenye swichi kuu, funga maji, subiri yapoe, ndipo utoe maji ya chini ya tangi pamoja na mashapo. Fundi akifungua koili, mwambie akague pia fimbo ya magnesiamu. Ikiisha, tangi lenyewe huanza kuoza kwa kutu.

Kwa mashine ya kufulia, fua kwa nyuzi 30 au 40 na upime sabuni kulingana na ugumu ulioandikwa kwenye pakiti. Mara mbili au tatu kwa mwaka, weka gramu 100 za asidi ya sitriki ndani ya pipa tupu na uiendeshe kwa nyuzi 60, kama kitabu cha mashine hakikatazi. Kumimina siki kila wiki ni kuuonea bure mpira wa mlango.

Pasi ya mvuke haitaki siki isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Tumia nusu maji ya bomba, nusu maji yaliyokenekwa (yaani yaliyopatikana kwa kupoza mvuke), na uimwage kila ukimaliza. Maji yaliyolainishwa kwa chumvi usiyatie humo.

Hiyo inatuleta kwenye mashine ya kulainisha maji ya nyumba nzima. Ndani yake rezini, yaani punje ndogo za plastiki, hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu, na chumvi huihuisha rezini hiyo. Chujio la mkaa haliwezi kazi hii, na sumaku za kufunga kwenye bomba singezinunua. Kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa huacha takriban miligramu 46 za sodiamu kwa lita. Ndiyo maana bomba la jikoni la kunywea huachwa nje ya mfumo, na maji magumu yenyewe hayadhuru kuyanywa.