Mheshimiwa kakaa na nani? Vile mimi Myahudi wa Mombasa huangalia

Kampeni zikianza kunukia hapa Mombasa simu yangu hujaa picha. Mheshimiwa fulani kashikana mkono na fulani, mwengine kaonekana harusini meza moja na yule jamaa mnamjua, na chini mtu kaandika "si mmejionea wenyewe". Tumejionea nini? Mimi nimezaliwa Tudor, kura napiga hapahapa, na ni Myahudi (ndiyo, tuko, twahesabika kwa vidole, sinagogi ni mpaka Nairobi pale University Way), kwa hivyo hizo picha hunipa kazi zaidi ya wenzangu manake mara nyengine huyo aliyekaa ubavuni mwa mheshimiwa ni mtu ashawahi kushika maiki akasema maneno kuhusu watu wangu ambayo hayasahauliki.

Sasa watu hudhani mimi ndo ntakuwa wa kwanza kusema mtu ahukumiwe kwa marafiki zake. Si hivo, ama niseme si hivo tu.

Mwaka 2008 sisi huku Obama tushamfanya mtoto wetu, aliposhinda Kibaki akatupa na likizo, lakini Mayahudi wa kule Marekani kampeni nzima walikuwa wakiletewa maimeli ya kuwatisha. Ati muangalieni mchungaji wake, Jeremiah Wright wa kanisa la Trinity pale Chicago, mahubiri yake ya kuilaani Marekani mmeyasikia? Ati Farrakhan, kiongozi wa Nation of Islam, anamuunga mkono, na Farrakhan ndo yule wa 1984 aliyesema Hitler alikuwa mtu mkubwa sana. Ati alienda karamu ya kumuaga Rashid Khalidi, profesa mwenye asili ya Palestina. Wote wakatiwa kapu moja, wakaambiwa haya, chagueni.

Mimi hao siwezi kuwatia kapu moja. Khalidi ni msomi, ana hoja zake, waweza kukaa naye mkabishana mpaka usiku na kila mtu akarudi kwake na msimamo wake, na kama kila mwanasiasa aliyekula pilau na mtu wa Palestina ni adui yangu basi amani ya kule nani ataileta? Farrakhan naye Obama hakumuita. Kwenye mdahalo wa Cleveland mwezi wa pili aliulizwa, akasema analaani maneno yake, Hillary Clinton, mpinzani wake ndani ya chama, akambana ati kulaani hakutoshi, sema unamkataa, naye akasema sawa, namkataa na namlaani. Yaani huwezi kumchagulia mtu nani ampende. Lakini Wright ni habari nyengine kabisa bana, huyo alimfungisha ndoa, kwa kanisa lake Obama alikaa miaka kama 20, miguu ilikuwa yake mwenyewe.

Na hapo ndo mimi hutofautiana na wengi. Tarehe 18 Machi kule Philadelphia Obama alisimama akayalaani yale maneno na bado akakataa kumtupa mtu mwenyewe, akasema hawezi kumkana kama vile hawezi kumkana bibi yake mzungu aliyemlea. Hiyo niliiheshimu. Ile ya mwisho wa Aprili, alipomkana kabisa, halafu Mei akahama kanisa, haikunigusa hivo, manake wakati huo Wright alikuwa ashakuwa mzigo na kila mtu anajua mzigo kwa kampeni hutuliwa. Mayahudi wenzangu wa kule walipima wakampa kura, zile hesabu za siku ya kura zilisema karibu asilimia 78.

Tena cheki upande wa pili. McCain, aliyeshindana na Obama, naye alikuwa na mchungaji aliyemuunga mkono, John Hagee, mpenzi mkubwa wa Israeli, bendera mpaka kanisani. Halafu ikatoka kanda ya mahubiri ya zamani yuasema Hitler alikuwa muwindaji aliyeletwa na Mungu ili Mayahudi wakimbilie Israeli. McCain akamkataa Mei hiyohiyo. Sasa niambie, kwa ile hesabu ya rafiki wa Mayahudi na adui wa Mayahudi, Hagee ungemuandika upande gani?

Trump nae ndo kabisa. Mkwe wake Myahudi, binti yake aliingia dini yetu, wajukuu ni wetu, ubalozi kauhamishia Jerusalem 2018. Halafu Novemba 2022 pale Mar-a-Lago akala chakula cha usiku na yule rapa Kanye West, wiki chache tu baada ya Kanye kuanza kututukana hadharani, na Kanye akaja na Nick Fuentes, kijana anayekanusha mauaji ya Mayahudi. Trump akasema Fuentes hakuwa akimjua. Sawa, nyumba kubwa wageni wengi, hilo naweza kulimeza. Lakini kesho yake ushaambiwa ni nani. Kusema wazi "maneno ya huyu ni uchafu" hakugharimu hata shilingi, na likamkwama kooni. Mimi siku hiyo chakula sikukihesabu, nilihesabu hizo siku zilizofuata.

Manake mimi mwenyewe mkinihukumu kwa watu ninaokaa nao nimekwisha. Baraza letu la jioni, yule mzee wa kahawa akipita na dele lake agonganisha vikombe, hapo siasa ya Gaza ikianza kuna mtu lazima ataropoka jambo kuhusu Mayahudi, wote, bila kubakisha. Mzee husema "wee, mwenyewe yupo hapa amekaa", watu hucheka, na aliyeropoka huniambia wewe si kama hao. Hiyo ya "si kama hao" huniudhi kuliko tusi lenyewe na humwambia. Basi tunabishana, kashata zinaisha. Lakini 2002 ilipolipuliwa hoteli ya Kikambala, Waisraeli watatu na Wakenya 10 wakafa, huyohuyo ndo alikuja kwetu usiku kuuliza kama tuko salama na akalala kibarazani mpaka asubuhi. Mtu apige picha anitangaze ati Myahudi gani huyu akaa na hawa? Atangaze.

Wazee wetu kwenye Mishna, mafundisho yetu ya kale, waliweka maneno mawili yamefuatana, mmoja asema jitafutie rafiki na kila mtu mhukumu kwa upande wa wema, anayemfuata asema kaa mbali na jirani mbaya wala usijiunge na muovu. Nayabeba yote mawili, na yanagombana kila uchaguzi.

Na kwa Kenya hii marafiki wenyewe wa kuhesabu ni wapi jamani! 2007 Ruto yuko na Raila, 2013 yuko na Uhuru, 2022 Uhuru yuko na Raila dhidi ya Ruto, Machi 2025 Ruto na Raila wanatia saini pamoja pale jumba la KICC Nairobi. Ukishika picha ya mwaka mmoja ushapotea.

Kwa hivyo mimi huuliza swali moja tu, na muhula uliopita nilimuuliza mgombea mmoja alipokuja barazani kwetu. Nikamwambia mheshimiwa, yule mtu wako alivosimama juu ya gari akasema vile kuhusu Mayahudi, wewe ulikuwa nyuma yake, mbona ulikuwa ukipiga makofi? Akasema ah, yule maiki alipewa na vijana, mimi sikumuita. Nikamuuliza, sasa kesho mkutanoni Kongowea atapewa tena? Akacheka, akamuangalia dereva, akasema tutaongea ndugu yangu.

Kesho yake Kongowea yule mtu alipewa maiki. Kura yangu mheshimiwa akaikosa, na akashinda bila hiyo.