Martensaiti niliyoitafuta kwenye mchoro

Nilipokuwa mwaka wa pili wa uhandisi mitambo, swali moja la jaribio la somo la metali lilitutaka tueleze mabadiliko ya feleji yenye asilimia 0.6 ya kaboni inapopoa, na martensaiti, yaani umbo gumu sana la feleji, hutokea wapi. Kwa kuwa nilikuwa nimeukariri mstari kwa mstari mchoro wa chuma na kaboni, ule unaoonyesha feleji huwa na umbo gani kwa kila joto na kila kiasi cha kaboni, niliibandika martensaiti chini ya nyuzi 727, mahali palipoonekana kuwa na nafasi. Mhadhiri aliikata kwa wino mwekundu bila kuandika neno.

Likizo hiyo nilikwenda Gerezani, Dar es Salaam, kwa mzee mhunzi anayefua tindo kutokana na springi bapa za magari mabovu. Springi za aina hiyo kwa kawaida huwa na kaboni karibu na kiasi kilekile cha swali langu, kwa hiyo nikamwomba kipande, tukakikata tindo tatu.

Ya kwanza tuliipasha hadi sumaku niliyoifunga kwenye waya ikaacha kuing'ang'ania, dalili kwamba fuwele zimegeuka austenaiti, umbo la feleji iliyo kwenye moto mkali, ambalo halivutwi na sumaku. Tukaongeza moto kidogo, kisha tukaifukia kwenye majivu hadi jioni. Tupa iliila bila shida, na nilipoipiga juu ya nondo makali yake yalijikunja. Ya pili ilipata moto uleule, lakini niliitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Nilisikia "ta!" ndogo kabla mvuke haujatulia, na nilipoitoa niliona ufa mwembamba kama unywele umetoka kwenye makali ukafika katikati. Tupa iliteleza juu yake kana kwamba ninasugua kioo.

"Hiyo umeshaiua, mwanangu," mzee alisema. "Springi haitaki maji, inataka oili."

Nilikaa nikizitazama zote mbili. Kaboni ilikuwa ileile na moto uleule. Kilichotofautiana ni muda wa kupoa. Nikafungua daftari: mhimili wa wima ni joto, wa mlalo ni kaboni, na muda haupo popote, kwa sababu mchoro ule ni wa chuma kinachopoa taratibu, kila atomu ikipata wasaa wa kuhama. Austenaiti huweza kubeba kaboni hadi takriban asilimia 2.1, ilhali feraiti, umbo la chuma kilichopoa taratibu, haibebi hata asilimia 0.03. Kwenye majivu, kaboni ilipata muda wa kujitenga ikaunda matabaka ya feraiti na sementaiti (mchanganyiko mgumu wa chuma na kaboni), ambayo kwa pamoja huitwa perlaiti. Kwenye maji ilinaswa humohumo ndani ya fuwele, ikazivuta zikawa ndefu upande mmoja, zikawa ngumu na zenye kukatika kwa urahisi. Hiyo ndiyo martensaiti, nami nilikuwa nimeitafuta kwenye ramani isiyoihusu.

Ya tatu tuliizamisha kwenye oili. Haikupasuka, lakini mzee alinikataza kuigonga kabla haijarudishiwa moto. Kazi hii yote wahunzi huiita kutia matiko, neno kongwe kuliko kitabu chochote nilichosomeshwa. Nikaing'arisha kwa msasa, tukaipasha kutoka kichwani, nikaona rangi zikitembea kuelekea kwenye makali: manjano iliyofifia, kahawia, kisha zambarau. (Rangi hizo ni utando mwembamba wa oksidi unaozidi unene kadiri joto linavyopanda.) Zambarau ilipofika kwenye makali, karibu nyuzi 280, mzee alinishika mkono nikaizamisha. Kwa joto hilo sehemu ya kaboni iliyonaswa hutoka, ugumu ukapungua kidogo na wepesi wa kukatika ukapungua zaidi. Tindo hiyo ilikata nondo ya milimita 12 bila kumeguka.

Niliporudia jaribio, niliuchora mchoro wa chuma na kaboni bila martensaiti, nikachora kando yake mwingine wenye muda kwenye mhimili wa mlalo, na humo ndimo nilimoiweka.