Nilifungua Tu

Siku niliyopoteza madeni ya shangazi yangu sikubonyeza kitufe chochote cha kufuta. Nilifungua faili tu.

Ilikuwa mwaka 2016, likizo ya chuo, nakaa kwake Kirumba, Mwanza. Shangazi alikuwa na stoo ya dagaa pale soko la Mwaloni, na mimi nilikuwa msaidizi wa kila kitu: kuhesabu magunia, kubishana na wenye mikokoteni, kufukuza kunguru. Aliyewahi kufika Mwaloni anajua harufu ile haibaki sokoni. Unaikuta hata kwenye shati uliloliacha limekunjwa nyumbani. Dagaa wanashuka na maboti kutoka Ukerewe, Ukara na visiwa vingine, wanapimwa, halafu wanasambaa: wengine Dar, wengine Burundi, wengine Kongo, na wale waliojaa mchanga wanaishia kwenye chakula cha kuku.

Stoo ile iliendeshwa kwa mali kauli. Mchuuzi anachukua madebe mawili leo, pesa analeta akishauza. Na kila kitu kinafuata mwezi wa mbinguni. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, kwa hiyo giza ndiyo neema yao. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawaifuati taa, mzigo unapungua, na hapo ndipo shangazi alipokuwa akikaa na kauntabuku lake kuona nani hajalipa cha giza lililopita.

Kauntabuku lenyewe lilikuwa limelowa mafuta ya dagaa mpaka kurasa zinaonyesha upande wa pili. Mimi nilikuwa nimejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa wiki chache, na nilikuwa na ule ugonjwa wa mgeni wa programu: kila kinachopita mbele yako unataka ukiandikie programu. Nikamshawishi. Kwa siku mbili nikanakili madeni ya watu 43 kwenye laptopu yangu, kwenye faili nililoliita madeni.txt, kila mstari jina, koma, kiasi. Programu ilisoma faili lote, ikaonyesha orodha kwenye lile dirisha jeusi la kuendeshea programu, ikauliza nani kalipa na nani kakopa, kisha ikaandika orodha nzima upya mahali palepale. Wiki mbili ikafanya kazi vizuri. Shangazi akaridhika, na asubuhi moja kauntabuku likawashia jiko la mkaa.

Nilimwona akilichana. Sikusema neno. Kwa kweli nilijisikia fahari.

Mbalamwezi ikaingia, akataka kujua jumla. Programu yangu ilikuwa inachukulia kiasi kama maandishi tu, na maandishi hayajumlishwi, kwa hiyo nikaongeza mstari wa kuyageuza kuwa namba. Nikaiendesha. Orodha ikapita, na chini ikatokea jumla: milioni mbili na laki tatu na ushee. Shangazi akaguna, mguno wa mtu aliyekuwa anajua. Nikaingiza malipo ya mtu mmoja, nikabonyeza, programu ikakatika katikati. Kosa lilikuwa la kitoto: nilipofika kuandika, nilikuwa nampa Python namba, na yeye kwenye faili la maandishi anapokea maandishi tu. Nikarekebisha ndani ya dakika moja, nikaiendesha tena.

Orodha haikutokea. Jumla: 0.

"Mbona sifuri?" shangazi akauliza, kichwa chake kikiwa begani kwangu.

Nikaenda kulitazama faili. Lipo, jina lile lile, ukubwa sifuri. Kwa hofu nikafunga kila kitu nianze upya, dirisha jeusi likiwa mojawapo. Dirisha lile lile ambalo, ningepandisha juu kidogo, lilikuwa na orodha nzima ya watu 43 na viwango vyao, iliyotoka ile mara ya kwanza. Nililikumbuka sekunde mbili baada ya kulifunga.

Nikatoka nje ya stoo nikampigia mwenzangu wa chumbani chuoni. Nikamweleza kwamba programu ilikatika kabla haijaandika hata herufi moja, sasa faili limefutwa na nani?

"Kwani ulifungua kwa herufi gani?"

"w."

Akacheka, na hakucheka kidogo.

Hicho ndicho nilichokuwa sijakielewa. Unapoita open, amri ya kufungua faili kwenye Python, unaitajia faili na pia nia yako, kwa herufi moja. Ukisema r, umekuja kusoma, faili haliguswi, na kama halipo unapewa kosa. Ukisema a, unawekwa mwisho wa faili, unachoandika kinaongezeka chini ya kilichopo. Ukisema w, umekuja kuandika, na faili likiwepo linakatwa urefu uwe sifuri palepale linapofunguliwa. Halingoji uandike. Ukifungua kwa w ukaghairi, ukaenda kunywa chai, faili ni tupu. Mimi nilidhani kufungua ni kama kufunua daftari, kumbe kwa w ni kufunua huku ukichana kurasa zote kwanza. Na huwezi kumlaumu Python, iliyotoka mwaka 1991, maana herufi hizi ilizirithi kwenye lugha ya C, ambayo ni kongwe kwake. Ipo hata x, inayokataa kabisa kufungua kama faili limeshakuwepo. Ningeijua siku ile ningeibusu.

Nikarudi ndani kumweleza shangazi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulifungua tu."

"Nilifungua tu, shangazi."

"Mimi stoo hii naifungua kila siku, baba. Sijawahi kukuta dagaa wamekimbia."

Kisha akakaa juu ya gunia, akafumba macho, akaniambia nitafute kalamu. Nikachana boksi la sabuni nikawa naandika kwa ndani. Hakuwataja kwa mpangilio wa majina wala wa ukubwa wa deni. Alitembea sokoni kichwani mwake. Akaanzia getini: yule mwenye meza ya kwanza, elfu thelathini, jirani yake aliyejifungua juzi, elfu kumi na nane, huyo tusimsumbue, wale ndugu wawili wanaogombana, mmoja anadaiwa, mwingine anasingiziwa tu. Alipofika kwa mtu aliyehama meza alisimama kidogo, akamfuata alikohamia. Ilipita saa nzima, na boksi lilipojaa nilihesabu watu 40.

Watatu hawakupatikana.

Usiku ule nikaingiza orodha ya boksi kwenye faili, nikabadilisha w kuwa a, nikaiendesha programu mara moja, nikalala nimetulia. Asubuhi akaja mama mmoja wa Igogo kulipa, nikamsomea deni lake: elfu tisini na sita. Akanitazama, akamtazama shangazi.

"Si elfu arobaini na nane? Au siku hizi madeni yanazaa?"

Yalikuwa yamezaa kweli. Programu ilikuwa bado inasoma orodha nzima na kuiandika nzima, ila sasa badala ya kufuta ya zamani ilikuwa inaipachika chini yake. Kila mtu alikuwepo mara mbili, na mimi nilikuwa najumlisha. Shangazi hakunifokea. Aliinuka, akavaa kandambili, akaenda dukani, akarudi na kauntabuku jipya.

Programu nilikuja kuitengeneza vizuri baadaye: inaandika kwenye faili jipya la pembeni, ikimaliza salama ndipo faili jipya linachukua jina la lile la zamani. Ikikatikia njiani, la zamani bado lipo zima. Nilimwonyesha, akasema ni vizuri sana, akaendelea kuandika kwa kalamu.

Giza lililofuata, wawili kati ya wale watatu walikuja kuchukua mzigo na wakajitaja wenyewe, maana bila kumaliza la nyuma walijua hawapewi. Wa tatu hatukumjua. Nilikuja kuuliza tena kwenye simu, karibu mwaka mmoja baadaye, na shangazi akanyamaza kidogo.

"Ile ndoo ya dagaa uliyoondoka nayo kwenda chuoni," akasema, "nani aliilipia?"