Jinsi nilivyofungua malipo ya Inua Jamii yaliyokwama

Bibi mmoja wa Likoni, Mombasa, aliyepita miaka 70, alikuwa hapati shilingi 2,000 zake za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa pesa wazee na wengine wasiojiweza. Chanzo ni herufi moja: kitambulisho kimeandikwa Mwanaisha, akaunti Mwanaesha. Mitambo ya malipo inalinganisha jina na namba ya kitambulisho. Vikipishana, pesa haziingii.

Nilianzia kwa naibu wa chifu wa mtaa wake, kisha ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo, na benki mwisho. Ukianza na benki utazungushwa bure. Beba kitambulisho halisi, nakala zake na kadi ya benki. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina la mzee mwenyewe, wala si la mjukuu. Hapo ndipo wengi hukwama. Fomu ya kurekebisha jina isomwe herufi kwa herufi kabla haijatoka mezani.