100% ya Rotten Tomatoes si alama 100

Jamani, kabla hujakata tiketi ya filamu mpya, jua namba unayoisoma inahesabu nini. Tovuti ya Rotten Tomatoes huhesabu asilimia ya wahakiki walioipenda, basi. Metacritic, tovuti nyingine, hupiga wastani wa alama, na wahakiki wengine hupewa uzito zaidi.

Chukua wahakiki 10. Wote wakitoa 6 kwa 10 na kusema "si mbaya", kule Rotten Tomatoes inapata 100% lakini wastani ni 60 tu kwa 100. Sasa 6 watoe 10 na 4 watoe 3: asilimia inashuka hadi 60, wastani unapanda hadi 72. Mimi ningeiendea hii ya pili. Filamu inayogombanisha watu mara nyingi ina kitu.

Tazama na idadi ya hakiki. Zikiwa 15, hakiki moja mpya inaisogeza asilimia sana.

CinemaScore ni mambo mengine kabisa: watazamaji wa Marekani na Kanada huulizwa usiku wa kwanza, ukumbini, na filamu hupewa daraja la herufi, A+ hadi F. Hao walikuja na hamu zao, kwa hiyo B yao ni onyo. Filamu za kutisha zisamehe. Hata nzuri huambulia C.

Ukiwa na muda, soma hakiki mbili: iliyoisifu kupita zote na iliyoiponda kupita zote.