Jasi ndani ya rezini: kipima kimesoma 1

Jana baada ya magharibi nimechota kikombe cha kwanza kutoka bomba la pili la mtambo wangu wa kuondoa madini kwenye maji ya kisima, nikatia kipima cha madini yaliyoyeyuka (namba ikiwa ndogo, maji ni safi), nikamulika kwa tochi: 1. Nimekisuuza kikombe, nikachota tena: 1. Kwa wiki sita nilikuwa nimenasa kwenye 38, kwa hiyo naandika sasa hivi kabla mpangilio haujanitoka kichwani.

Mtambo wenyewe ni huu. Mabomba mawili ya PVC ya inchi 4, la kwanza lita 5 za rezini ya kationi (chembe ndogo zinazonasa madini kama kalsiamu), la pili lita 7 za anioni (zinazonasa wenzao kama salfeti na kloridi). Kisima ni cha kwetu Jambiani, kinasoma kati ya 640 na 700, na siku za bamvua hupanda zaidi. Maji yanakwenda kwenye betri 4 za sola za ami. Yeye tangu Unguja ilipokaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, hajakubali kulala nyumba isiyo na betri.

Rezini ilipokuwa mpya ilinipa karibu lita 400. Ilipochoka nikaihuisha, yaani nikaifukuza madini iliyoyanasa ili inase upya, kationi kwa tindikali ya betri na anioni kwa kostiki ya mama mdogo, anayopikia sabuni ya mwani. Tindikali ya betri nilichagua kwa sababu inapatikana kila duka la vipuri. Niliichanganya kufika kama asilimia 5, nikapitisha ndoo moja ya lita 20 polepole, nikasuuza. Hapo ndipo tabu ilipoanza. Kipima kilishuka mpaka 38 kikagoma. Karatasi ya litmasi kwenye maji yaliyotoka ikageuka buluu, dalili ya maji yenye ukali kama wa kostiki. Baada ya lita 60 tu namba zikaanza kupanda, na maji yaliyokuwa yakijaza chupa kwa dakika mbili sasa yanadondoka.

Nikahuisha tena kwa tindikali nyingi zaidi. Ikawa mbaya zaidi! Nikasema kipima kibovu, nikaazima kingine, kikasoma 39. Nikasema maji yanajipenyeza pembeni mwa bomba bila kugusa rezini, nikageuza mkondo, nikayapandisha kutoka chini ili chembe zielee na kujipanga upya. Hazikuelea. Kulipanda pande moja zima, limeshikana kama mkate wa kumimina unaong'olewa kaangoni.

Nililitoa kwa mkono uliovaa glavu, nikaliweka kwenye sahani nyeupe. Chembe za rezini zenyewe zilikuwa nzima, rangi yao ile ile ya kaharabu. Baina yao kulikuwa na vijisindano vyeupe, vyembamba kuliko uzi, vinametameta kwenye jua. Nikadhani ni chokaa. Nikachukua tone la tindikali nikalidondosha kwenye jiwe la ukingo wa kisima: likafoka povu papo hapo. Nikadondosha jingine kwenye vile vijisindano. Kimya. Nikangoja, nikaongeza la pili. Kimya vile vile. Basi si chokaa.

Ni jasi, madini ya kalsiamu na salfeti yanayotengenezewa plasta. Na jasi ile niliitengeneza mimi, ndani ya bomba langu. Kisima chetu kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, jiwe lile lile wazee walilolichoma kwenye tanuri wakapata chokaa ya kujengea. Maji yake yamejaa kalsiamu. Rezini inaikamata kalsiamu yote, inakaa nayo, kisha mimi naleta tindikali ya salfa (ndiyo hiyo ya betri) inaifukuza yote kwa pamoja. Kalsiamu inakutana na salfeti palepale, zinashikana, na jasi haiyeyuki ila kiasi cha gramu 2 kwa lita. Nimepiga hesabu: kalsiamu iliyokuwa kwenye lita 5 zile inatosha kutoa robo kilo ya jasi. Kuiyeyusha kunataka zaidi ya lita 100 za maji, na mimi nilipitisha ndoo moja. Ikagandia humo. Kisha kila nikipitisha maji ya kisima, ile ya chini kabisa inayeyuka kidogo kidogo na kutoka na maji. Hiyo ndiyo 38 yangu ya wiki sita.

Wenye viwanda wanaotumia tindikali ya salfa huanza na asilimia 1 au 2, tena kwa kasi, ili jasi isipate wasaa wa kuganda, ndipo huongeza ukali. Ningeweza kufuata njia hiyo. Lakini kwa maji ya upande wetu huu wa mashariki sitaki tena kuiona salfa karibu na rezini.

Jirani yangu ni fundi wa marumaru. Nilipomsimulia akaniambia, "Sasa bwana, si uchukue hii yetu ya kusafishia?" Haidrokloriki. Kalsiamu ikikutana na kloridi haigandi, inayeyuka na kwenda zake. Nikaichanganya kufika kama asilimia 10 (tindikali ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume chake), nikailoweka rezini usiku kucha, nikamwaga, nikarudia mara mbili. Asubuhi ya tatu lile pande lilikuwa limesambaratika na chembe zinateleza vidoleni kama mtama. Halafu nikahuisha kawaida kwa asilimia 5. Kostiki safari hii nimeichanganya kwa maji yaliyokwisha pita bomba la kationi, maana ukiichanganya kwa maji magumu ya kisima unazaa chokaa kwenye anioni, na utalia upya.

Kuhusu vifaa: msinunue koki za shaba. Yangu imebadilika rangi ikaanza kuvuja ndani ya siku mbili za haidrokloriki. Za plastiki zinahimili na bei ni nafuu. Na kipima cha kalamu kinachoonyesha ppm pekee (sehemu za madini kwa milioni ya maji) kinadanganya huku chini kwenye 0 na 1. Tafuteni kinachosoma mikrosimensi, kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme.

Maji machafu ya kuhuisha siyamwagi ovyo. Nakusanya ya tindikali na ya kostiki kwenye pipa moja mpaka litmasi isigeuke tena buluu wala nyekundu, kisha nayamwaga mbali na kisima. Mwamba wetu una matundu kila mahali, ukimwagacho leo uani kinarudi kwenye ndoo ya jirani. Hili nalisisitiza kwa kila anayetaka kunakili mtambo huu.

Nilikuwa nimepanga wiki hii niongeze bomba la tatu la rezini mchanganyiko, kationi na anioni pamoja. Nimeliweka kando. Juzi mvua ya vuli ilinyesha usiku, nikasogeza kipima kwenye sufuria iliyoachwa chini ya bati: 11. Kumi na moja, dhidi ya 650 ya kisima! Rezini ile ile ingedumu zaidi ya mara hamsini kabla ya kudai tindikali. Sikulala vizuri kwa kuwaza mifereji. Nimeshapima ukingo wa paa la jikoni, mita 6, na ami amenipa tangi lake la zamani la lita 1000. Kinachonishughulisha sasa ni kumwaga maji ya mwanzo yanayobeba vumbi na mavi ya ndege kabla hayajaingia tangini. Nawaza bomba la wima lenye mpira unaoelea, bomba likijaa mpira unaziba. Aliyewahi kulitengeneza aniambie mpira gani haunati.